Kisa cha VAT ya pedi Tanzania: msamaha uliodumu mwaka mmoja tu

Juni 2018 Dk. Philip Mpango, ambaye kipindi kile ndo alikuwa waziri wa fedha, alisoma bajeti pale Dodoma na ndani yake kukawa na kapengele kadogo tu, kwamba taulo za kike zisamehewe VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani, ili zipatikane kwa bei nafuu. Julai ikaanza kazi. Juni 13, 2019 waziri yule yule kwenye bunge lile lile akasoma bajeti nyingine na kusema msamaha ule unafutwa, kwa sababu bei kwa mtumiaji haijashuka na walionufaika ni wafanyabiashara. Asilimia 18 ikarudi. Kwenye bajeti hiyo hiyo mawigi nayo yakapigwa ushuru, asilimia 25 kwa ya kutoka nje na 10 kwa yanayotengenezwa ndani, sasa unajua sisi, stori ya wigi ina utamu wake kuliko ya VAT kwaiyo pedi ikapita kama kimzaha hivi.

Kelele zilikuwepo lakini. Wabunge kama Upendo Peneza, viti maalum kupitia CHADEMA wakati ule, walikuwa wanalisemea suala la pedi kwa wanafunzi tangu mapema, na wanaharakati waliona kabisa wamenyang'anywa kitu walichokipata kwa jasho. Upande wa pili kuna waliosema waziri yuko sahihi, kama bei haikushuka basi kodi irudi hela iingie hazina kuliko kumnenepesha mwenye duka la jumla.

Mi nataka nichambue hiki kisa taratibu kwa sababu naona pande zote mbili walikuwa wanagombania kitu ambacho hata kingefanikiwa kwa asilimia mia kisingemfikia yule msichana waliyekuwa wanamtaja. Na pia kwa sababu ule msamaha ulikuwa na kasoro ya kiufundi tangu siku ya kwanza, kasoro ambayo mtu yeyote anayeshika vitabu vya hesabu angeiona kabla hata hotuba haijaisha.

Tuanze na hapo kwenye ufundi maana ndo penye nyama.

Kwenye VAT kuna njia mbili za kusema "bidhaa hii haina kodi" na watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Ya kwanza ni kiwango cha sifuri. Hapa muuzaji anatoza sifuri kwa mteja, ila ile VAT aliyolipa yeye wakati ananunua vitu vyake, umeme, vifungashio, usafiri, pango la godauni, anaidai TRA, yani mamlaka ya mapato, na anarudishiwa. Bidhaa inatoka safi kabisa haina kodi ndani yake. Ya pili ni msamaha. Hapa muuzaji hatozi kodi kwa mteja, sawa, lakini ile aliyolipa kwenye manunuzi yake harudishiwi. Anaimeza. Na mfanyabiashara gani unayemjua anameza gharama bila kuitapika kwenye bei? Kwaiyo bidhaa yenye msamaha inakuwa bado ina kodi ndani, ila imejificha, haionekani kwenye risiti ya EFD wala popote.

Tanzania 2018 ilichagua msamaha.

Ngoja niweke namba, na hizi ni za mfano tu za kuelewana, sio bei za mtu. Tuseme pakiti moja ya pedi imefika bandarini na ushuru wake wa forodha tayari ni shilingi 1,000. Mwagizaji analipa VAT 180 pale pale. Anaongeza gharama zake na faida, anauza 1,300 jumlisha VAT 234. Kwenye hiyo 234 anakata ile 180 aliyolipa bandarini, anakata na tuseme 30 aliyolipa kwenye clearing, mafuta, pango na matangazo, anampelekea TRA 24 iliyobaki. Mwenye jumla anachukua mzigo, anauza 1,450 jumlisha VAT 261, yani 1,711. Duka la mtaani, kwa Mangi pale, hajasajiliwa VAT kwa sababu kipindi kile ilibidi mauzo yafike milioni 100 kwa mwaka ndo usajiliwe, kwaiyo yeye ananunua kwa 1,711 na anauza 2,000, faida yake 289.

Sasa ondoa VAT kwa njia ya msamaha, na chukulia wafanyabiashara wote kwenye mnyororo ni malaika, hakuna anayeongeza hata senti. Ile 180 ya bandarini imeondoka. Lakini ile 30 ya mwagizaji hairudishwi tena kwaiyo anauza 1,330. Mwenye jumla nae ana kodi zake kwenye pango na usafiri, tuseme 10, anauza 1,490. Mangi anaweka 289 yake ile ile, inakuwa 1,779. Hakuna mtu anauza kitu 1,779 kwenye duka la mtaani, itakuwa 1,800.

Imeshuka shilingi 200. Asilimia 10.

Mwananchi aliyesikia "wameondoa asilimia 18" anapiga hesabu kichwani, 18 ya 2,000 ni 360, anategemea kukuta 1,640. Hiyo bei haikuwahi kuwezekana hata kwa malaika, sababu VAT haikai kwenye bei ya mwisho ya Mangi, inakaa kwenye bei ya mtu aliyesajiliwa aliyemuuzia Mangi. Na sasa toa malaika weka binadamu. Mwagizaji ana mzigo wa zamani godauni ulioingia kabla ya Julai, hajui kama msamaha utadumu, dola inapanda anaona bora ajiwekee akiba kidogo, anabakisha 70. Mwenye jumla anabakisha 70. Mangi anabakisha 60 kwa sababu kwake 2,000 ni noti mbili za buku, chenji rahisi, mteja mwenyewe amezoea hiyo bei hata haulizi. Jumla 200. Bei iko pale pale na hapo hakuna hata mmoja aliyefanya uhuni wa kumkamata nao, kila mtu kajisogezea kidogo tu.

Kwaiyo Mpango aliposema bei haijashuka mi siwezi kubisha, hesabu yenyewe inasema isingeshuka kirahisi. Ninachobisha ni jinsi alivyoisoma hiyo habari. Ukimpa mgonjwa nusu dozi akakosa kupona huendi kutangaza kwamba dawa ile haifanyi kazi. Kiwango cha sifuri hakikujaribiwa. Kwenye mfano wangu huo huo ukiweka sifuri, mwagizaji anarudi 1,300, wa jumla 1,450, Mangi 1,739, hapo kuna nafasi ya 1,700 na wakitokea wabakishaji walau kitu kidogo kingebaki kwa mnunuzi. Sio mapinduzi, ila ni tofauti.

Kwa nini serikali haikuchagua sifuri? Nadhani jibu ni la hazina, sifuri inamaanisha kurudisha pesa, na anayefanya biashara nchi hii anajua kudai marejesho ya VAT ni safari ya namna gani. Waagizaji wenyewe wengine wangekwambia bora msamaha kuliko kudai hela TRA ukazeeka. Alafu ukishafungua sifuri kwa pedi, kesho anakuja mwenye sabuni, kesho kutwa mwenye chaki, kila mtu ana hoja nzuri. Hilo nalielewa.

Kuna upande mwingine wa huo msamaha ambao sikuusikia ukijadiliwa vya kutosha nao ni viwanda vya ndani. Kumbuka hii ilikuwa enzi za "Tanzania ya viwanda", kila kitu kilikuwa kiwanda. Sasa angalia msamaha ulivyomfanyia mwenye kiwanda cha pedi hapa hapa nchini. Ananunua pamba yake ya kunyonya maji, nailoni, gundi, vifungashio, umeme, vyote vina VAT. Tuseme kwa pakiti moja malighafi na umeme ni 600, VAT yake 108. Kabla ya Julai 2018 hiyo 108 alikuwa anaikata kwenye kodi anayowapelekea TRA, haimuumi. Baada ya msamaha anaimeza yote. Wakati huo huo pedi ya kutoka nje, kule ilikotoka ilikuwa inasafirishwa nje ya nchi yao na bidhaa za kuuzwa nje kwa kawaida zinatozwa sifuri, yani kiwanda cha kule kimerudishiwa kodi zake zote, inafika bandarini kwetu inapita bila VAT. Imesafishwa mara mbili. Yetu ina 108 tumboni.

Yani kwa sera moja ya huruma tulimpiga teke mtu wetu na kumtandikia zulia mwagizaji. India walipitia mjadala huo huo mwezi huo huo, Julai 2018, walipoondoa GST, ambayo ndo VAT yao, ya asilimia 12 kwenye pedi kwa njia ya msamaha, na wachambuzi wao wakasema wazi kwamba kiwanda cha ndani ndo kitaumia kwa sababu hakiwezi tena kukata kodi ya malighafi. Hakuna uchawi hapo, ndivyo VAT inavyofanya kazi kila mahali.

Ukiangalia hivo, kurudisha VAT 2019 kulikuwa na sababu moja nzuri kabisa ya kulinda kiwanda cha ndani, ila waziri alijikita kwenye sababu ya bei. Alafu akaja na mbadala, akasema wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi watapunguziwa kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili, 2019/20 na 2020/21, kwa sharti la kusaini makubaliano na serikali.

Hapa nilicheka kidogo, samahani. Kodi ya mapato inatozwa kwenye faida. Kiwanda kipya miaka miwili ya mwanzo kina faida gani? Mwaka wa kwanza unanunua mashine, unasubiri vibali, unafunga umeme mkubwa, TBS wanakuja kupima ubora, mwaka wa pili ndo unaanza kuingiza mzigo sokoni na unauza kwa hasara ili ujulikane. Na sheria yenyewe inakuruhusu kukata uchakavu wa mashine na kubeba hasara kwenda mbele. Kampuni yenye hasara ukiipunguzia kodi kutoka 30 hadi 25, umeipunguzia asilimia tano ya sifuri. Hata tuseme kimetokea kimuujiza kimepata faida ya milioni 100, punguzo ni milioni 5, hiyo inabadilisha bei ya pakiti kwa kiasi gani? Kama lengo ni kiwanda ungemgusa kwenye malighafi na kwenye soko la uhakika, sio kwenye faida ambayo hajaipata.

Ok tuje kwenye usimamizi, hapa sina mengi ya kusema maana ni aibu tu. Msamaha ulitolewa bila sharti lolote la bei. Tunajua kusimamia bei tukitaka, EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kila mwezi wanatoa bei kikomo ya mafuta mpaka ya wilayani huko ndani ndani na kituo kikizidisha kinapigwa faini. NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, wana watu wanaozunguka masokoni kila mwezi kuchukua bei kwa ajili ya mfumuko wa bei, kuwaambia watoe na ripoti ya pedi peke yake, mkoa kwa mkoa, Juni 2018 ilikuwa shilingi ngapi, Desemba shilingi ngapi, Juni 2019 shilingi ngapi, isingewaua. Tume ya Ushindani ipo. Ukifuta sera kwa sababu ya bei basi bei hizo ziwekwe mezani zionekane, na mwaka mmoja ni mfupi mno, miezi mitatu ya mwanzo watu walikuwa bado wanauza mzigo walioulipia VAT ya zamani.

Na wala hili la bei kugoma kushuka sio la kwetu peke yetu tusijidharau sana. Uingereza walifuta VAT ya asilimia 5 kwenye bidhaa za hedhi Januari 1, 2021, nchi yenye maduka makubwa yenye bei kwenye kompyuta kila kitu kinaonekana, wachambuzi wa kodi wa Tax Policy Associates walipokuja kupima wakakuta bei imeshuka kama asilimia moja tu hivi, nyingine imebaki kwa wauzaji. Kama Uingereza imekuwa hivo unategemea nini Kariakoo? Afrika Kusini wao walikwenda na kiwango cha sifuri, Aprili 1, 2019, VAT yao ni asilimia 15, yani miezi mitatu kabla sisi hatujarudisha yetu wenzetu ndo wanaiondoa, na kwa njia sahihi. Rwanda nao wakaondoa Desemba mwaka huo huo. Tukabaki kama tunakwenda kinyumenyume.

Sasa nije kwa wanaharakati, na hapa najua kuna watakaonuna.

Kampeni ya kuondoa kodi ilikuwa inauzwa kwa picha ya msichana wa kijijini anayekosa shule siku nne tano kila mwezi kwa sababu hana pedi. Picha hiyo ni ya kweli, yupo huyo mtoto, walimu wa kike wanamjua, matroni anamjua. Lakini yule mtoto hanunui pedi. Hanunui ya 2,000, hanunui ya 1,800, na hata ingekuwa 1,700 asingenunua, kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kumpa hiyo hela na hata baba akiwa nayo hawezi kumuomba kwa kitu kama hicho. Anatumia kipande cha khanga ya mama, godoro lililochanwa, chochote. Kodi inamgusa anayenunua. Anayenunua pedi kila mwezi bila kukosa ni mdada wa mjini mwenye kipato, mke wa mfanyakazi, mwanafunzi wa chuo, hao nao wana haki ya bei nafuu sikatai, lakini basi tuseme hivo tusijifiche nyuma ya mtoto wa kijijini.

Piga hesabu uone. Pakiti moja kwa mwezi kwa 2,000 ni 24,000 kwa mwaka. Msamaha ule wa VAT, ukifanya kazi kama malaika, unamuokolea 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka. Ugomvi wote ule wa 2018 na 2019, hotuba, vibonzo, matamko, ulikuwa wa shilingi 2,400 kwa mtoto anayekosa 24,000. Na weka hiyo 24,000 pembeni ya ruzuku ya elimu bure, ambayo tangu 2016 imekuwa inahesabiwa 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka mzima, chaki, karatasi, mitihani, ukarabati, vitabu, vyote humo. Yani pedi peke yake za msichana mmoja wa sekondari zinakaribia kumaliza ruzuku yake yote. Ndo maana ukimwambia mwalimu mkuu "nunua pedi kwenye ruzuku" anakuangalia tu, anakununulia pakiti chache za dharura anaziweka kwenye kabati ya matroni na hapo amejitahidi sana.

Kenya wameonyesha hili kwa vitendo. Waliondoa VAT kwenye pedi 2004, wanatajwa kuwa wa kwanza duniani. Wakakaa nayo. Ikaonekana mtoto wa shule bado hana pedi, 2011 wakaanza kuweka fungu kwenye bajeti la kununua za wanafunzi, na Juni 2017 Uhuru Kenyatta akasaini marekebisho ya sheria ya elimu ya msingi yanayosema kila msichana aliyebalehe na anayesoma shule ya umma apewe pedi bure, za kutosha na zenye ubora, na sheria ikagusa mpaka namna ya kuzitupa kwa usalama. Miaka 13 baada ya kuondoa kodi. Utekelezaji una matatizo yake, mzigo unachelewa, unafika pungufu, lakini angalau kule mzazi ana kifungu cha sheria cha kuushikia, sisi tuna hotuba mbili zinazopingana.

Na hata Kenya hiyo hiyo iliyoondoa VAT na yenye sheria, Februari 14, 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia ukumbini na suti nyeupe yenye doa jekundu na akatakiwa kutoka akabadilishe. Mtu mzima, seneta. Kwaiyo hata ukimpa mtoto pedi, je akichafuka darasani wavulana wanamchekaje, mwalimu wa kiume anasemaje, hiyo haimo kwenye kodi wala kwenye pakiti.

Haimo pia kwenye choo. Hiki ndo kipande kinachoniudhi kuliko VAT, kwamba tumekaa miaka tunabishana kuhusu pedi kana kwamba hedhi ni pedi. Mpe mtoto pakiti kumi, shule haina maji, choo hakina kitasa kwa ndani, na hiyo aliyoitoa ataitupa wapi? Ataitumbukiza kwenye shimo la choo na shimo linajaa kabla ya wakati, au ataifunga kwenye begi arudi nayo nyumbani akikaa na harufu siku nzima anajihisi kila mtu anamnusa. Atachagua kubaki nyumbani tu na pedi zake kumi. Tuna miongozo ya maji na usafi wa mazingira mashuleni, na inataja chumba cha wasichana kujistiri, ipo kwenye makaratasi vizuri kabisa. Nenda shule ya kata yoyote ukaulize hicho chumba kiko wapi uone utakavyopelekwa kwenye stoo ya majembe.

Kuna utafiti mmoja wa Nepal, wa Emily Oster na Rebecca Thornton uliochapishwa 2011, waliwapa wasichana vikombe vya hedhi wakaangalia mahudhurio, wakakuta hedhi ilikuwa inachukua sehemu ndogo sana ya siku za kukosa shule na kikombe hakikubadilisha kitu cha maana kwenye hilo. Watu wengi wa kampeni hawapendi kuutaja. Mi naona hauna ubaya, unatuambia tuache kuitetea pedi kwa kigezo cha mahudhurio peke yake. Mtoto anaweza kuwa darasani kabisa, amehesabiwa kwenye rejista, na akawa hasikii chochote kinachofundishwa kwa sababu ameubana mwili hataki kusimama kujibu swali. Rejista haipimi hiyo. Alafu kukaa na kitambaa kibichi ambacho hakikukauka vizuri kwa sababu unaogopa kukianika juani watu wakione, hilo ni suala la afya lenyewe kama lilivyo, halihitaji kusaidiwa na takwimu za mahudhurio ndo liwe la maana.

Sasa ningekuwa mimi Juni 2019 ningefanyaje. VAT ningeirudisha, ndio, hapo namuunga mkono Mpango, ule msamaha ulikuwa mbovu kwa kiwanda cha ndani na dhaifu kwa mnunuzi. Ila ningeirudisha na kamba shingoni, kile kinachokusanywa kwenye pedi kipewe fungu lake lenye jina kwenye bajeti, kinunue pedi za shule. Serikali ikinunua kwa wingi moja kwa moja kiwandani hailipi faida ya jumla wala ya Mangi, ukirudi kwenye mfano wangu wa juu pakiti ile ya 2,000 inaanza kuongelewa kwenye 1,300 kabla ya VAT. Na hapo ndo unampa mwenye kiwanda kitu anachokitaka kuliko punguzo lolote la kodi ya mapato, yani oda ya miaka mitatu yenye namba anazoweza kwenda nazo benki. Pesa haitatosha wote, najua, kwaiyo anza na shule za sekondari za kata za vijijini, na changanya na pedi za kufua pale ambapo shule ina maji, sehemu isiyo na maji usithubutu maana utakuwa umempelekea mtoto kitambaa kile kile alichokuwa nacho ila chenye nembo.

Mtu ataniambia zitaibiwa njiani. Zingine zitaibiwa, ndio, dawa nazo huibiwa na hatujafunga Bohari ya Dawa, MSD. MSD tayari wana magari yanayofika zahanati za mbali, pakiti zikipigwa muhuri wa serikali kama zinavyopigwa dawa, zikikutwa dukani kwa Mangi kila mtu anajua zimetoka wapi. Usambazaji hata haunipi shida sana. Shida ninayoiona ni wizara ipi inabeba, maana ukiuliza elimu watasema ni afya, afya watasema ni TAMISEMI ndo wenye shule, TAMISEMI watasema fungu halijatoka hazina, na hazina watakuambia hilo tulishalishughulikia 2018, tulisamehe kodi bei hazikushuka.